Kufungua fomu kwa jina lake katika Visual Basic

Programu ya duka niliyokuwa naitunza ilikuwa na Select Case ndefu (amri inayochagua cha kufanya kwa kila hali): akibonyeza Mauzo fungua FomuMauzo, akibonyeza Stoo fungua FomuStoo, na kuendelea. Kila fomu mpya ilidai mistari mipya. Siku hizi jina la fomu nalihifadhi kama maandishi, na utaratibu mmoja unazifungua zote. Mfano huu ni wa VB.NET, mradi wa Windows Forms.

Hatua ya 1. Kwenye sifa za kila kitufe, jaza Tag kwa jina la fomu yake. Kisha vitufe vyote vitumie tukio moja:

```
Private Sub Menyu_Click(sender As Object, e As EventArgs) _
    Handles btnMauzo.Click, btnStoo.Click
    FunguaFomu(CStr(DirectCast(sender, Button).Tag))
End Sub
```

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Weka hii ndani ya fomu kuu:

```
Private Sub FunguaFomu(jina As String)
    Dim f As Form = Application.OpenForms(jina)
    If f Is Nothing Then
        Dim kamili = Me.GetType().Namespace & "." & jina
        Dim aina = Me.GetType().Assembly.GetType(kamili, False, True)
        If aina Is Nothing Then
            MessageBox.Show("Hakuna fomu: " & jina)
            Return
        End If
        f = DirectCast(Activator.CreateInstance(aina), Form)
    End If
    f.Show()
    f.Activate()
End Sub
```

Utazame vizuri mstari wa Namespace, yaani jina la kundi ambalo fomu imo ndani yake. .NET haiijui "FomuMauzo", inaijua "Duka.FomuMauzo", kwa jina lake kamili. Ukiiacha sehemu ya mbele, GetType inarudisha Nothing kimya kimya. Nilipoteza mchana mzima hapo, nikikagua herufi moja moja za jina ambalo halikuwa na kosa. Ndiyo maana sehemu hiyo naichukua kutoka kwenye fomu kuu yenyewe, siiandiki kwa mkono. Ile True ya mwisho inafanya herufi kubwa na ndogo zisilete shida.

OpenForms, orodha ya fomu ambazo tayari ziko wazi, inatangulia ili muuzaji akibonyeza Mauzo mara tatu asijikute na madirisha matatu, kila moja na bili yake.

Hatua ya 3. Weka jina la uongo kwenye Tag, uone kama ujumbe unatokea. Usiiruke hatua hii: kompaila haisomi maandishi ya Tag, kwa hiyo ukibadilisha jina la fomu hakuna atakayekuonya. Na fomu ambayo Sub New yake inadai vigezo itagoma kwenye CreateInstance, amri inayoiunda fomu. Iongezee Sub New isiyo na vigezo, inayoita InitializeComponent, utaratibu unaopanga vitufe na vitu vingine vya fomu.

Kama bado unatunza programu ya Visual Basic 6, kazi ni nyepesi zaidi: Forms.Add("FomuMauzo").Show inatosha.