Kabla Hujamshika Mkono Mwanao Mtu Mzima Kuelekea Matibabu ya Uvimbe wa Ubongo

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuoni, alipoanza kuamka na maumivu ya kichwa ambayo yalipungua kadiri jua lilivyopanda. Hapa Kisumu kichwa kikiuma mtu hudhani malaria, nasi tukatibu malaria, tukatibu homa ya matumbo, tukampimia miwani, mpaka asubuhi moja alipotapika ghafla, kisha akaanguka kifafa mlangoni mwa jikoni, na picha iliyopigwa siku hiyo ikaonyesha uvimbe katika ubongo. Ninayoyaandika ni ya mzazi aliyeambiwa neno hilo juma hili na ambaye bado hajalala. Yasome, uanze kuyafanya, kisha ulale hata kwa saa tatu.

Anza na karatasi. Nunua faili moja yenye mifuko, uweke humo barua ya rufaa, ripoti za picha, picha zenyewe pamoja na diski yake, na matokeo ya patholojia, yaani kipimo cha maabara cha kipande cha uvimbe, kwa kuwa daktari wa upasuaji hatosheki na maelezo ya mwenzake bali hutaka kuiona picha kwa macho yake. Anayeomba karatasi apewe nakala, kamwe asipewe karatasi halisi. Uliza pia vipande vya uvimbe vilivyotolewa wakati wa upasuaji vimehifadhiwa katika maabara gani, maana hospitali ya pili inaweza kuomba vipimwe upya. Kuhusu malipo, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali hapa Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na mwanao amekwisha kupita miaka 18. Basi hakikisha leo, usingoje siku ya kulazwa, kama amesajiliwa kwa kitambulisho chake, kama mchango umelipwa, na kama kuna kibali kinachopaswa kuombwa kabla ya huduma kutolewa. Harambee iitishwe mapema, na simu za wachangaji zipokelewe na ndugu mwingine, zisije kwako.

Matibabu ya mionzi hutolewa siku tano kwa juma, na kwa aina nyingi za uvimbe huendelea kwa majuma sita hivi. Kila kikao ni cha dakika chache, mgonjwa akiwa amelala chini ya barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa sura yake, lakini huwezi kumsafirisha kijana mchovu kila siku kutoka Kisumu hadi Eldoret kwa njia ya Kapsabet. Tafuta mahali pa kulala kabla ya kupewa tarehe.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: mgonjwa ni mtu mzima, na kinywa ni chake.

Mimi nilikuwa mama wa kujibu. Daktari akimuuliza analala vipi, nilijibu mimi. Akimuuliza kama anaona vitu viwili viwili, nilijibu mimi, kwa sababu nilimzaa na niliogopa asije akasahau jambo. Alikuwa amepewa deksamethasoni, dawa inayopunguza maji yanayojaa kuuzunguka uvimbe na kuubana ubongo. Ndani ya siku mbili ilimrudishia mwendo wake, lakini pia ilimletea njaa isiyoshiba, usiku usio na usingizi, na uso ulioumuka kama andazi, hata wenzake wa chuo waliomwona kwenye simu wakamwambia amenenepa. Siku ya kliniki daktari alimgeukia yeye, akamuuliza, "Dawa unameza kila siku?" Nikawahi kusema, "Anameza vizuri sana, daktari, mimi mwenyewe humwekea mezani." Kijana aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua pembe ya kadi yake ya kliniki.

Alikuwa ameacha dawa siku mbili kabla. Siku ya pili baada ya kliniki, saa nane za usiku, nilimkuta akitapika, kichwa kikimpasua, mkono wa kushoto umelegea asiweze kuuinua, na jirani yetu wa Manyatta akatukimbiza kwa gari lake. Sista wa zamu aliuliza swali lile lile. Safari hii nilikosa la kusema, naye akajibu kwa sauti ndogo, "Niliacha, sista. Sikutaka kuonekana hivi." Alirudishiwa dawa ile kwa sindano, akapata nafuu. Nilipofua suruali yake nilikuta vidonge vinane mfukoni, vyote nilivyomwekea kando ya kikombe cha chai, vimeanza kumomonyoka na kuacha unga mweupe kwenye mshono. Alipoweza kuketi aliniambia, "Mama, ningemwambia daktari siku ile, ila ulikuwa umeshajibu."

Ujue basi kwamba mwili ukizoea deksamethasoni hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kwa hiyo dawa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo ya daktari, haikatizwi kwa siku moja, wala isiachwe iishe nyumbani siku ya Jumapili. Ujue pia kwamba kijana wako anaweza kuwa na jambo asiloweza kulisema mbele yako. Muulize kabla ya kila kliniki kama anataka uingie, na hata akikubali, toka nje dakika kumi. Maswali ayaandike yeye, kwa mkono wake. Fomu ya upasuaji aielewe na kuitia sahihi yeye. Kemo, yaani dawa kali za kuua seli za uvimbe, inaweza kudhuru uwezo wa kupata watoto, na kama kuna njia ya kuhifadhi mbegu zake, huulizwa kabla ya dozi ya kwanza. Swali hilo kijana wa kiume hataliuliza mama yake akiwa ameketi pale. Uvimbe wenyewe unaweza kumfanya awe mkali au msahaulifu, kwa hiyo mkubaliane mapema, akili yake ikiwa imetulia, ni nani atakayemsemea siku akishindwa.

Dawa za kifafa nazo hazirukwi. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, na zikipita dakika 5 mkimbize hospitali. Asiendeshe boda boda wala gari mpaka daktari aruhusu, asiogelee ziwani, asiachwe peke yake na jiko linalowaka, na mlango wa bafu usitiwe komeo kwa ndani. Mitishamba ipelekwe kwa daktari kwanza, hata ikiwa imeletwa na shangazi ampendaye. Akipata homa wakati wa kemo, usimpe dawa ya malaria ukangoja kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huo huo, na faili uibebe.