Jinsi ya kumpima nyuki: anaona rangi, au anaona mwanga tu?

Nyuki akiifuata kadi ya bluu, huenda anafuata ubluu wake, na huenda anafuata tu kiasi cha mwanga unaotoka kwake. Karl von Frisch, mwanasayansi wa Austria aliyechunguza nyuki, alipata njia ya kutenganisha mawili hayo, na majaribio yake aliyoyachapisha mwaka 1914 unaweza kuyarudia kwenye meza iliyo nje, siku ya jua.

Hatua ya 1. Kata kadi 16 za ukubwa mmoja: moja ya bluu, 15 za kijivu, kuanzia inayokaribia nyeupe hadi inayokaribia nyeusi. Hapa usiharakishe. Kwa kiumbe asiyeona rangi, bluu ni kijivu fulani tu, hivyo ni lazima kijivu hicho kiwemo mezani. Vijivu vichache vinaharibu jaribio zima.

Hatua ya 2. Zipange nne kwa nne, uzifunike kwa kioo ili harufu ya karatasi isimwongoze. Juu ya kila kadi weka kisosi. Cha bluu tia maji ya sukari, vingine maji matupu. Usitumie asali, harufu yake inatosha kuwaelekeza.

Hatua ya 3. Chovya kijiti kwenye maji ya sukari, umsogezee nyuki aliye uani. Akishatoa ulimi na kuanza kunywa, mbebe taratibu hadi kwenye kisosi. Akishiba ataondoka, kisha atarudi, mara nyingi na wenzake. Kila baada ya ziara chache hamisha bluu na kisosi chake, la sivyo atakariri mahali.

Hatua ya 4. Sasa mtihani. Futa kioo, weka visosi safi, vyote vitupu, kisha hesabu wanaotua. Utawaona wakizunguka juu ya bluu na kupapasa kisosi kisicho na kitu. Mimi hapo huacha hata kuandika, nikatazama.

Hatua ya 5. Rudia kwa nyekundu, na nyuki wapya. Wataichanganya na vijivu vya giza, kwa kuwa vipokezi vya mwanga vya macho yao ni vya kijani, bluu na urujuanimno, yaani mwanga ambao macho ya binadamu hayauoni. Ukiwakuta kwenye ua jekundu, usilitupe daftari: baadhi ya maua hayo huakisi urujuanimno, na hiyo ndiyo rangi wanayoiendea.