Namna ya kukuza tamasha la mashabiki mwaka hadi mwaka

Mwaka 1967 Gary Gygax aliwaalika marafiki wapatao 20 nyumbani kwake Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, wacheze pamoja michezo ya vita ya mezani. Mwaka uliofuata alikodi ukumbi mdogo wa mji huo kwa dola 50, wakafika watu kama 100, na huo ndio mwanzo wa Gen Con, tamasha la michezo ya mezani ambalo leo hufanyika katika jumba kubwa la mikutano la Indianapolis. San Diego Comic-Con, tamasha la katuni la mji wa San Diego, California, nayo ilianza kwa kujipima: Machi 1970 waanzilishi wake waliandaa mkutano wa siku moja, uliohudhuriwa na watu 100 hivi, ili wapate fedha na waone kama kuna wa kuja, kisha mwezi Agosti wakaandaa tamasha lenyewe la siku 3, ambalo lilipata watu 300.

Mwongozo huu ni kwa kikundi ambacho kimeshafanya tamasha lake la kwanza la katuni, anime, michezo ya video au hadithi za kisayansi, na sasa kinataka liwe kubwa zaidi. Ninachokisisitiza ni kwamba kiasi cha tiketi kinachoweza kuuzwa hakikuambii tamasha lako linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Katika kila hatua ya ukuaji kipo kitu kimoja kinacholemewa kabla ya vingine vyote: mwanzoni huwa ni fedha, halafu watu wa kufanya kazi, halafu mlango, na hatimaye jengo lenyewe. Kazi ya mwandaaji ni kukitambua kitu hicho mwaka mmoja kabla hakijalemewa, na kukiimarisha kwanza, ndipo aongeze tiketi.

Anza kwa kuhesabu vizuri

Matamasha mengi hujidanganya katika hesabu. Mtu aliyenunua tiketi ya siku 3 ni mtu mmoja, lakini akihesabiwa kila anapopita mlangoni anakuwa mahudhurio 3. Njia zote mbili ni halali, mradi usizichanganye. Comiket ya Tokyo, tamasha la kuuziana vijitabu vya mashabiki, ambayo ilianza Desemba 1975 ikiwa na vikundi 32 vya wachapishaji wa kujitegemea na wahudhuriaji wapatao 700, ilitangaza mahudhurio yapatayo 750,000 katika toleo lake la Desemba 2019, na takwimu hiyo ni jumla ya siku zote 4. Anayeilinganisha na idadi ya beji zilizouzwa na tamasha jingine analinganisha vitu viwili visivyolingana.

Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza weka kumbukumbu tatu: idadi ya watu waliokuja, idadi ya watu waliokuwemo ukumbini katika saa iliyojaa kuliko zote, na idadi ya waliorudi kutoka mwaka uliotangulia. Ya kwanza huwafurahisha wadhamini, ya pili huamua usalama. Mimi binafsi huiangalia zaidi ya tatu, kwa sababu tamasha linalopata watu wapya wengi huku wa zamani wakiondoka kimyakimya lina tatizo ambalo matangazo hayatalitibu.

Fedha, na hasa gharama ya mgeni mashuhuri

Gharama za tamasha ni za aina mbili. Zipo zisizobadilika, yaani kodi ya ukumbi, bima, vyombo vya sauti, walinzi na nauli za wageni, ambazo utazilipa hata akija mtu mmoja. Na zipo zinazoongezeka kadiri watu wanavyoongezeka, kama vile beji, vitabu vya ratiba na mikanda ya mkononi. Gawanya jumla ya zile zisizobadilika kwa kiasi kinachobaki katika kila tiketi baada ya kutoa gharama za aina ya pili, utapata idadi ya tiketi zitakazorudisha fedha zako. Idadi hiyo isizidi theluthi mbili ya tiketi unazotarajia kuuza. Ikiwa tamasha linahitaji kujaa kabisa ili lisipate hasara, basi mvua ya asubuhi moja inatosha kulifilisi.

Kinachovuruga hesabu hii mara nyingi ni mgeni mashuhuri. Mwigizaji anayejulikana kwa kawaida haji kwa nauli na chumba cha hoteli tu. Mkataba wake humhakikishia kiasi cha chini ambacho lazima akipate kutokana na kutia saini na kupigwa picha na mashabiki. Mashabiki wakilipa zaidi ya kiasi hicho, mwandaaji hadaiwi kitu; wakilipa pungufu, mwandaaji hufidia tofauti yote. Chukua mfano wa tamasha ambalo ukumbi wake huchukua watu 1,000 na ambalo gharama zake hurudi kwa tiketi 700. Likimwalika mgeni ambaye pengo lake, iwapo foleni yake itakuwa fupi, ni sawa na tiketi 400, sasa linahitaji tiketi 1,100, na ukumbi hauwezi kuzichukua. Tamasha la namna hiyo linaweza kujaa mpaka mlangoni na bado likapata hasara.

Hii haimaanishi kwamba wageni waachwe. Inamaanisha wapatikane kwa ngazi. Miaka ya mwanzo waalike wachoraji, waandishi na waigizaji wa sauti, watu ambao mashabiki wa dhati wanawajua na ambao hukaa mezani siku nzima wakizungumza na kila anayepita. Hao hujenga sifa ya tamasha kwa gharama ndogo. Mwigizaji wa filamu aje pale ambapo akiba yako inaweza kuibeba hasara yake nzima bila kugusa kodi ya ukumbi wa mwaka ujao. Na akiba hiyo iwepo kweli: mwaka 2020 San Diego Comic-Con ililazimika kufuta tamasha lake la ana kwa ana kwa mara ya kwanza katika miaka 50, na maandalizi ya mwaka hayawezi kusimamishwa bila gharama.

Jambo jingine dogo la fedha, ambalo huwa kubwa likipuuzwa, ni jina. Desemba 2017 mahakama ya shirikisho huko San Diego iliamua kwamba "Comic-Con" ni alama halali ya biashara ya tamasha la mji huo, katika kesi dhidi ya waandaaji wa tamasha la Salt Lake City, ambalo baadaye lilibadili jina. Chagua jina lako mwenyewe mapema, kabla hujachapisha mabango ya miaka mitano.

Watu wa kujitolea

Idadi ya wahudhuriaji inaweza kuongezeka maradufu kwa mwaka mmoja. Idadi ya watu wanaojua kazi haiwezi, kwa kuwa msimamizi mzuri wa foleni au wa jukwaa huhitaji misimu miwili au mitatu kupikika. Hapa ndipo matamasha mengi yenye afya ya kifedha huanza kuyumba.

Hesabu yake hufanywa kwa vituo, si kwa makisio. Tuseme una vituo 25 ambavyo lazima viwe na mtu wakati wote, kwa saa 10 kila siku, kwa siku 2: hizo ni saa 500 za kazi. Mtu wa kujitolea akifanya zamu mbili za saa 4, anakupa saa 8, kwa hiyo unahitaji watu 63. Na kwa kuwa daima wapo wasiotokea, ongeza moja ya tano, wawe 76. Ukiwa na 40 tu, utawachosha hao 40, na mwaka unaofuata watakuwa 25. Wape chakula, mahali pa kukaa pasipofikiwa na umma, na muda wa kulifaidi tamasha wenyewe. Wagawie wasimamizi wa idara manaibu, na kila naibu ajue kwamba huenda mwakani yeye ndiye atakayeongoza.

Comiket ina desturi ambayo naiona bora kuliko maagizo yoyote ya nidhamu: kwa waandaaji wake hakuna mteja, wote ni washiriki, awe anayeuza kijitabu chake, anayekinunua au anayepanga foleni. Mtu anayejiona mshiriki huokota takataka na husogea anapoombwa. Anayejiona mteja hudai huduma. Lugha ya tiketi, mabango na matangazo yako ndiyo itakayoamua utapata yupi kati ya hao wawili.

Mlango

Foleni ya asubuhi ya siku ya kwanza ndiyo sura ya tamasha katika macho ya mgeni mpya, na ni jambo linalohesabika kabisa. Ikiwa kumhakiki mtu mmoja na kumpa beji huchukua sekunde 30, meza moja huhudumia watu 120 kwa saa. Ukiuza tiketi 3,000 na nusu yao wakafika katika saa ya kwanza, kama ilivyo kawaida, unahitaji meza 13. Punguza muda huo uwe sekunde 15, kwa kutuma beji mapema au kusoma msimbo wa tiketi kwa simu, na meza 7 zitatosha. Usisahau pia mahali pa kusimama: watu 1,500 wakijipanga wawili wawili, kila jozi ikichukua sentimita 70, foleni yao ina urefu wa zaidi ya nusu kilomita. Ipitie njia hiyo kwa miguu kabla ya siku yenyewe, uone inakatiza barabara gani, kivuli kiko wapi na vyoo viko umbali gani.

Foleni za ndani ni jambo tofauti, kwa sababu hizo husababishwa na ratiba. Mazungumzo mawili yanayopendwa na watu walewale yasiwekwe yakifuatana katika chumba kimoja, la sivyo waliokaa hawatatoka na waliosubiri nje hawataingia. Ama utenge muda wa kuwatoa watu wote chumbani kila mazungumzo yanapokwisha, ama utangaze mapema kwamba hawatatolewa. Kinachokera si kanuni, ni kanuni kugeuzwa mtu akiwa ameshasubiri saa tatu.

Mlangoni ndipo pia pa kukagua silaha bandia za wanaovaa mavazi ya wahusika, na pa kuweka kanuni za mwenendo mahali zinapoonekana. Mwaka 2014 New York Comic Con iliweka mabango makubwa yaliyoeleza kwamba vazi la mhusika si ruhusa ya kumgusa aliyelivaa. Bango peke yake halitoshi. Lazima awepo mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko, na uamuzi wa kumtoa mkosaji usisubiri kikao.

Jengo linapojaa

Idadi ya watu inayoruhusiwa na mamlaka za zimamoto huwahesabu wote waliomo ndani: wauzaji, wageni, wafanyakazi na watu wa kujitolea. Kwa hiyo jengo la watu 5,000 lenye wauzaji na wafanyakazi 600 lina nafasi ya wahudhuriaji 4,400 kwa wakati mmoja, na mauzo ya tiketi za kila siku yapangwe kutokana na hapo. New York Comic Con ilijifunza hili katika mwaka wake wa kwanza, 2006: siku ya Jumamosi ukumbi ulijaa hadi maofisa wakasimamisha watu kuingia, na miongoni mwa waliobaki nje walikuwemo waliokwisha kulipia tiketi.

Jengo likishakuwa dogo, njia ni nne. Kuongeza siku ndiyo njia ya haraka, ila huongeza pia saa za kazi za watu walewale. Kuhama huleta nafasi kubwa lakini huleta kodi kubwa, na ukumbi mkubwa uliojaa nusu huonekana kama umefeli. Hamia pale ambapo umelijaza jengo la zamani kwa miaka miwili mfululizo. Kutapakaa katika majengo kadhaa ni njia ya tamasha la Dragon Con, iliyoanza Atlanta mwaka 1987 na sasa hufanyika katika hoteli kadhaa zilizo karibukaribu, na inafaa pale tu ambapo mtu anaweza kutembea kutoka jengo moja hadi jingine bila kukosa mazungumzo yanayofuata. Njia ya nne ni kukubali ukomo. San Diego Comic-Con, ambayo imo katika jumba lake la mikutano tangu 1991, imebaki kwa miaka mingi kwenye wahudhuriaji 130,000 au zaidi kidogo, na mengi mapya yamefanyika nje ya jumba, katika hoteli na mitaa ya jirani. Kwa matamasha mengi ya ukubwa wa kati naamini hii ndiyo njia sahihi, ingawa ndiyo inayopendekezwa kwa nadra zaidi vikaoni.

Ukomo ukikubaliwa, nafasi za meza zitagombaniwa. Comiket hutumia kura, kwa sababu vikundi vinavyoomba huwa vingi kuliko meza. Kura ya wazi ni bora kuliko kumpa anayewahi, kwani huko kuwahi humfaidi mwenye intaneti ya kasi. Na ni bora mno kuliko kuchaguliwa na rafiki wa mwandaaji. Tenga sehemu ya meza kwa wanaoomba kwa mara ya kwanza.

Ndani ya wiki mbili baada ya tamasha, kabla watu hawajasahau, kila idara iandike kurasa mbili: kilicholemewa, saa ngapi, na nani alikitatua. Ziweke mahali pamoja na mikataba, nywila na ramani za vituo, pasipokuwa mikononi mwa mtu mmoja tu. Kisha mpe mtu ambaye hakuwemo katika kamati azisome, na mwulize kama angeweza kuandaa tamasha la mwakani kwa karatasi hizo tu. Maswali atakayouliza ndiyo ajenda ya kikao chenu cha kwanza.