SOMO: Kwenda na mbwa kuwatembelea wazee kwenye kituo cha kuwatunza (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Wadau, tangu niweke ile picha ya mbwa wangu amelaza kichwa kwenye goti la bibi, swali ni lilelile: "Nami nina mbwa, naanzaje?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Naandika mara moja. Nipo Moshi, mbwa ni jike la kienyeji wa miaka minne.

1. Mbwa awe amekomaa na amezoea kushikwa na wageni. Mtoto wa mbwa anaruka na kung'ata akicheza.

2. Chanjo ya kichaa cha mbwa: kuanzia umri wa miezi 3, kisha kila mwaka. Kama ni ya kwanza, subiri wiki 3 ndipo umtoe. Beba cheti.

3. Dawa ya minyoo kila miezi 3.

4. Nenda kituoni bila mbwa, uonane na msimamizi na afisa ustawi wa jamii. Wakitaka barua, andika barua.

5. Kucha na kupe. Ngozi ya mzee ni nyembamba, ukucha mmoja unaichana, kwa hiyo zikate na uzisugue kwa tupa. Kupe watafute kwa vidole, si kwa macho. Mimi nilidhani nimemaliza, bibi mmoja aliyefuga ng'ombe maisha yake yote akaingiza kidole nyuma ya sikio la mbwa, akatoa kupe, akamponda kwa jiwe. Niliona aibu, lakini yeye alichangamka. Siku hizi tukifika tunaanza kwake, anakagua masikio yote mawili ndipo anaturuhusu kuendelea.

6. WAULIZE WAZEE WENYEWE, mmoja mmoja, kabla ya siku ya mbwa. Hapa ndipo nilipokosea. Ofisi ilikubali, nikaona yatosha. Mzee mmoja Mwislamu alikuwa ametoka kutawadha, amekaa kwenye benchi anangoja adhuhuri. Nilipita karibu mno, mbwa akamlamba mkono na pindo la kanzu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa kwetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi: panaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee hakunifokea. Aliomba ndoo na udongo, akainama, akaanza kuosha pindo lile. Kanzu yake nyingine ilikuwa kwenye kamba, bado mbichi. Nilisimama pale nikihesabu naye hadi ya saba, na wakati wa sala unasogea. Kesho yake nilirudi peke yangu kumwomba radhi.

Tangu siku hiyo mbwa haingii vyumbani wala barazani. Tunakaa chini ya mwembe, anayetaka anakuja au analetwa. Uliza pia nani aliwahi kung'atwa, na nani kifua kinambana akikaribia manyoya. Mzee akisema hapana, usimbembeleze. Pale ni nyumbani kwake.

7. Siku yenyewe: awe ameogeshwa jana yake, ajisaidie kabla ya kuingia, kamba fupi mkononi muda wote. Wazee wanawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Dakika 45 zinatosha. Mbwa akianza kupiga miayo na kujilamba midomo ovyo, amezidiwa, ondokeni.

MASWALI

Mdau wa Pasua: Mkuu, chanjo ni lazima? Wangu hatoki getini.
— Hatua ya 2. Ni lazima. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea hakina tiba.

Mdau wa Sakina: Wangu ni mkali kidogo ila akikuzoea hana neno.
— Basi asiende. Mzee hana mbio za kumkimbia hadi amzoee.

Mdau wa Sakina: Umejibu kwa ukali.
— Nimejibu kwa kuwa kuna mtu anaweza kuvunjika nyonga. Njoo wewe bila mbwa, wazee wanapenda wageni.

Mama wa Rau: Shikamoo. Mama yangu amepatwa na ugonjwa wa kusahau. Mbwa anaweza kumsaidia?
— Marahaba, na pole kwa kuuguza. Ugonjwa hauondoi, ila nimeona wazee wa namna hiyo wakitulia mkono ukiwa kwenye manyoya. Mlete mbwa kwa mbele ili amwone akija, kamwe si kwa nyuma. Usimuulize "unamkumbuka?" Mtajie jina la mbwa upya kila mara, kama ndiyo mara ya kwanza. Akimwita kwa jina la mbwa wake wa zamani, mwache, na umwombe akusimulie habari za huyo wa zamani. Akimsukuma, muondoe siku hiyo, ujaribu siku nyingine.

Mdau wa Usa River: Mbwa akimkwaruza mtu?
— Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mwambie muuguzi wa zamu papo hapo, kisha hospitali. Usifiche.

Mdau wa Kiborloni: Mnasafirije? Daladala wananikatalia.
— Bajaji. Patana nauli ukiwa umesimama naye, dereva amwone. Beba kiroba chako cha kutandika sakafuni.

Mama wa Rau: Na kucha? Wangu hakubali kabisa.
— Mkate akiwa na usingizi baada ya kula, kucha mbili leo, mbili kesho. Ishia kwenye ncha, ndani kuna mshipa wa damu.