Samaki mpya wa maji chumvi ana vidonda: namna ninavyomtibu karantini

Ndugu zangu, kila mara mtu hunitumia picha ya kitatange au kangaja aliyemnunua juzi tu: pezi limeliwa, ubavuni pana wekundu, na swali ni lile lile. Nitie dawa gani? Mimi nami humuuliza amonia ya maji yake, yaani sumu itokayo kwenye taka za samaki, ni ngapi, na mara nyingi nakuta hajapima.

Bakteria wanaoua samaki wapya, akina Vibrio hasa, si wageni. Wamo kwenye maji ya bahari na kwenye ngozi ya samaki mzima kila siku. Mlango wanaupata pale wavu ulipomchubua, alipokaa mfukoni saa ishirini au thelathini, au mzamiaji alipompandisha upesi kutoka kina kirefu kisha akamtoboa kwa sindano ili hewa imtoke. Antibiotiki hupunguza bakteria. Mlango utaufunga wewe mwenyewe, kwa maji.

Hatua ya 1: Hodhi

Kioo kitupu cha lita 60 hadi 80. Usiweke mchanga wala mawe, maana hunyonya dawa. Weka vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, hita, pampu ya hewa, na kichujio cha sponji kilichokaa wiki nne ndani ya tangi kubwa ili kiwe kimeshika bakteria wale wema wanaokula amonia. Nyuzi 25 au 26. Walio Nairobi, hita ni lazima. Walio Muscat mnaijua shida yenu ya joto la mwezi wa sita.

Hatua ya 2: Kufungua mfuko

Hapa ndipo wengi wanapomuua samaki, halafu lawama anatupiwa bakteria. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye chumba cha kufungashia samaki wa mapambo, pwani ya Kenya, na mifuko naijua. Samaki akipumua humo, kaboni dayoksaidi hujaa na pH (kipimo cha asidi ya maji) hushuka, yaani maji huwa na asidi zaidi. Amonia nayo huongezeka, lakini kwa pH ya chini inakuwa kama nyoka aliyelala. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda, na nyoka anaamka samaki akiwa bado humo ndani.

Niliwahi kumdondoshea kangaja maji ya tangi ndani ya mfuko wake, tone kwa tone kwa mpira, saa mbili nzima, kama nilivyofundishwa. Jioni alikuwa anahema juu juu, siku ya tatu ana madonda, siku ya tano nikamzika kwenye chungu cha mpilipili.

Kwa hiyo: muulize muuzaji kiwango chake cha chumvi (mara nyingi ni 1.020 hadi 1.022, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) na utengeneze maji ya karantini yalingane nacho kabla samaki hajafika. Uache mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa kwa dakika 15 au 20 ili joto lilingane. Fungua, mtoe kwa bakuli au kwa mikono yenye glavu laini, mtie. Maji ya mfuko mwaga. Zima taa.

Hatua ya 3: Mtazame kabla ya kushika dawa

Dalili za bakteria ni pezi linalolika kuanzia ukingoni, wekundu penye shina la pezi, kidonda kilicho wazi, ukungu machoni, na macho yote mawili kutokeza. Jicho moja likitokeza peke yake, aghalabu alijigonga. Mwachie maji safi.

Punje nyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa ni Cryptocaryon. Vumbi laini mwilini na kuhema haraka, hasa akikimbilia mdomo wa pampu, ni Amyloodinium, na huyo huua ndani ya siku chache. Wote wawili ni vimelea. Antibiotiki haiwagusi, tiba yao iliyozoeleka ni dawa yenye shaba. Vinundu vyeupe kama kichwa cha koliflawa ni virusi vya limfosisti, na kwa kawaida hupungua vyenyewe samaki akitulia.

Pezi likiwa limechanika tu na samaki anakula, mimi nasubiri saa 48 huku nikibadilisha maji. Wengi wamepona hivyo bila hata punje ya dawa. Wekundu ukisambaa, kidonda kikichimbika au akiacha kula, sisubiri tena.

Hatua ya 4: Dawa

Bakteria wengi wanaosumbua samaki wa baharini ni wa kundi liitwalo Gram-hasi, kwa hiyo erithromaisini, antibiotiki ambayo hupiga zaidi kundi la pili, Gram-chanya, si ya kuanzia. Mimi naanza na kanamaisini. Ninayotumia ni KanaPlex ya kampuni ya Seachem: kipimo kimoja cha kijiko chake kwa lita 20, kila baada ya siku mbili, dozi tatu basi. Pima maji halisi yaliyomo, usifuate namba iliyoandikwa kwenye kioo.

Kidonda kikiwa kibaya, naongeza nitrofurazoni kwa kipimo cha pakiti yake. Maji yatageuka manjano-kijani, usishtuke. Taa ibaki imezimwa kwa sababu mwanga huiharibu. Vaa glavu na barakoa unapoipima. Unga wake si wa kuvuta puani, na kwa wanyama wa kuliwa imepigwa marufuku Ulaya na Marekani.

Kaboni, yale makaa ya kichujio yanayonyonya dawa, itoke, mashine ya kutoa povu izimwe, taa ya UV izimwe. Hewa iongezwe.

Akiwa anakula, dawa ya tumboni ni bora zaidi ya ya majini. Kijiko cha mezani cha chakula kilichoyeyuka barafu, kipimo kimoja cha KanaPlex, na kishikio cha dawa (kampuni hiyo hiyo ina Focus) ili isiyeyukie yote majini. Mpe kidogo kidogo.

Hatua ya 5: Siku zinazofuata

Pima amonia kila asubuhi, maana dawa inaweza kuangusha na bakteria wa kichujio. Ikionekana, badilisha robo ya maji kabla ya dozi inayofuata. Unaweza kushusha chumvi hadi 1.018 ili kumpunguzia mzigo samaki mwenye kidonda, maana ngozi iliyo wazi hupoteza maji. Kupandisha baadaye fanya polepole, 0.001 kwa siku.

Dozi zikiisha, rudisha kaboni na umwangalie wiki mbili zaidi. Ngozi ikifunga, pezi litaota lenyewe, na hapo mwanzoni huwa angavu kama plastiki.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mombasa: Fundi, kapsuli za tetrasaiklini za duka la dawa zipo kila kona na bei ni rahisi. Haziwezi kusaidia?

Jibu: Kaka, kalisiamu na magnesiamu za maji ya bahari huishika tetrasaiklini, na kinachomfikia samaki ni kidogo mno. Kwenye chakula ingekuwa habari nyingine, lakini kukisia dozi kwa kapsuli ya binadamu sikushauri.

Mwanachama, Muscat: Samaki wangu wanne aina ya Chromis wana baka jekundu ubavuni, kama wameungua. Nimemaliza kanamaisini yote, wawili wamekufa. Nimekosea wapi?

Jibu: Pole sana, dada. Kwa Chromis, baka la namna hiyo kwanza nashuku Uronema, kimelea kinachokula nyama chini ya ngozi. Linafanana mno na bakteria. Tenga waliobaki, kila mmoja peke yake ukiweza. Watu huwaogesha kwenye maji yaliyotiwa fomalini, dawa ya kuua vimelea, yenye hewa nyingi na kwa kipimo cha lebo, lakini likishaonekana nje mara nyingi tumechelewa. Hodhi hilo likaushe kabisa kabla ya kutia mwingine.

Mwanachama, Dar es Salaam: Kwa nini tusiwape wote antibiotiki siku ya kwanza, kinga ni bora kuliko tiba?

Jibu: Hapana, mzee wangu. Unawafundisha bakteria kuizoea dawa, unaua kichujio, na kanamaisini yenyewe si nyepesi kwa figo. Kinga ya siku ya kwanza ni maji.

Mwanachama, Nairobi: Maji yenye dawa nayamwaga wapi?

Jibu: Yasiende baharini, mtoni wala kwenye mtaro wa mvua. Yapitishe kwenye kaboni mpya siku moja au mbili kwanza, kisha chooni.

Mwanachama, Kilifi: Nilijikata kidole nikisafisha hodhi, sasa wiki ya nne kuna kinundu hakiponi. Kina uhusiano?

Jibu: Nenda hospitali wiki hii, na usisahau kumwambia daktari kwamba unafuga samaki. Kuna bakteria aitwaye Mycobacterium marinum anayeingia kwa kidonda kama hicho na kujitokeza wiki kadhaa baadaye, na dawa yake hunywewa miezi. Daktari asiyejua habari ya samaki anaweza kukupa krimu ya ukurutu tu. Hodhi lako asitie mtu mkono bila glavu mpaka upate majibu.