Kurudisha Makazi ya Samaki katika Kijito cha Shamba la Miti la Familia

Katika mashamba mengi ya miti ya familia huku Mufindi na Njombe, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mikaratusi na misindano imepandwa hadi ukingoni mwa maji. Kabla ya kufikiria kupandikiza samaki, tengeneza kwanza ukingo, kwani samaki wa vijito vya nyanda hizi hutegemea kivuli, maji ya baridi na wadudu waishio chini ya mawe.

Hatua ya kwanza: Tembea kijito chote mwezi Septemba au Oktoba, maji yakiwa yamepungua, na ugeuze mawe. Chini ya jiwe safi utaona mabuu ya wadudu yaking'ang'ania, lakini jiwe lililozama katika tope laini mara nyingi halina kitu. Fuata tope hilo kuelekea juu hadi chanzo chake, ambacho kwa kawaida ni barabara ya kutolea magogo au kinyungu, yaani bustani ya bondeni, kilicholimwa hadi ukingoni.

Hatua ya pili: Zuia tope kabla ya mvua. Chimba michepuo itakayotoa maji barabarani na kuyamwaga kwenye nyasi, kisha sogeza vinyungu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hatua hii, kwa maoni yangu, ndiyo inayowasaidia samaki kuliko zote, ingawa wengi huiruka kwa haraka ya kupanda miti.

Hatua ya tatu: Baada ya kushauriana na afisa misitu, ondoa mikaratusi ya ukingoni kwa awamu, ili kivuli kisitoweke kwa mara moja, na urudi kukata machipukizi kila msimu kwa sababu visiki vyake huchipua upya. Mvua zikishakolea, panda mivengi, ambayo huvumilia mizizi yake kukaa majini na ambayo majani yake yakidondoka hulisha wadudu.

Hatua ya nne: Rudisha magogo majini. Omba kwanza ushauri na kibali cha bodi ya maji ya bonde lako, kwa mfano ya Bonde la Rufiji kwa walio Iringa. Chagua gogo refu kuliko upana wa kijito, ulaze kimshazari, sehemu kubwa ikiwa nchi kavu na imebanwa na miti iliyo hai, huku ukiacha njia ya maji. Maji yakilizunguka huchimba kidimbwi, na nyuma yake samaki hupumzika dhidi ya mkondo. Usiliweke upande wa juu wa kalavati (bomba la kupitishia maji chini ya barabara), kwani likisombwa litaliziba.

Kagua pia kalavati lenyewe: mdomo wake ukining'inia juu ya maji, samaki hawawezi kupanda, hivyo panga mawe chini yake hadi maji yapande na kuufikia. Njia ikiwa wazi, samaki wa asili watapanda wenyewe kutoka chini. Usilete sato wa bwawani, kwa kuwa wakizaliana watawanyang'anya wenyeji chakula na mahali pa kutagia.