Jinsi ya kuandika wosia Uganda, maana maneno ya kitandani kortini hayasimami

Matangani utasikia sana "mzee aliacha wosia", ukiuliza uko wapi unaambiwa aliita watoto akasema shamba la fulani, ng'ombe wa fulani. Na hawadanganyi. Wosia au wasia limetoka kwa Kiarabu, wasiyya, na huko ni agizo, jambo unalomkabidhi mtu alishike, ndo maana mama anamuusia binti yake siku ya harusi na hapo hakuna mali ya mtu. Mirathi ni kitu kingine, hiyo ni mali yenyewe inayobaki na warithi wanagawana. Kwa Kiganda wanasema ekiraamo. Sasa korti ya Uganda ikisikia wosia haitafuti maneno ya mzee, inatafuta karatasi yenye saini. Wa mdomo sheria inaukubali kwa watu wachache tu, kama mwanajeshi aliye vitani na baharia aliye safarini, wewe na mimi wa boda na duka hatumo.

Kwa hiyo andika. Uwe na miaka 18 na akili timamu, lugha yoyote sawa, na si lazima loya ila kama una pesa yake na mali ina makelele mlipe tu. Anza na jina lako kamili, kijiji, tarehe, halafu sema wazi kwamba huu unafuta wosia zote za nyuma. Taja mali moja moja. Usiandike "shamba langu la Mukono" ukaacha hapo, hapo ndo vita huanzia, andika ni kibanja (unakaa kwenye ardhi ya mwenye hati) au mailo (ardhi ya hati yako mwenyewe), namba za bloku na ploti kama zipo, majirani wa kila upande ni nani. Madeni pia weka, ya kudai na ya kudaiwa. Kisha chagua msimamizi wa wosia, kwa Kiswahili cha zamani anaitwa wasii, na kama watoto ni wadogo taja nani atawalea.

Saini sasa, watu wengi wanaanguka hapa. Unatia saini au dole gumba mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao wanatia saini mbele yako, na mimi ningesema mtie kila ukurasa ili mtu asichomoe mmoja akabandika wake. Shahidi asiwe mtu uliyemwachia kitu, wala mume au mke wa huyo mtu, maana wosia utasimama lakini zawadi yake inakufa. Ndo unakuta binti aliyemuuguza baba ndo huyohuyo alishuhudia, anatoka mikono mitupu. Tafuta jirani au mzee wa kanisa, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, pia anafaa lakini muhuri wake haujazi nafasi ya mashahidi wawili.

Na usidhani ukiandika unaweza kumtupa mke au watoto barabarani, korti ina nguvu ya kuwatolea fungu kama hukuwafikiria.

Usipoandika, sheria inakugawia yenyewe. Tangu mabadiliko ya 2022 watoto wanachukua asilimia 75, mjane au mgane 20, ndugu waliokutegemea 4, mrithi wa kimila, yule omusika, anapata 1. Zamani mjane alikuwa na 15 tu, Korti ya Katiba ikaja kuvitupa vifungu vya sheria vilivyogawa hivyo 2007 halafu Bunge likakaa miaka 15 hivi kabla ya kurekebisha, haraka kweli!

Ndugu Waislamu nyinyi mna hesabu yenu: wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na haumwongezei mtu ambaye tayari ni mrithi mpaka wenzake waridhie. Theluthi mbili zinazobaki zinafuata mafungu ya Kurani, kwa hiyo kaa na sheikh anayejua mirathi kabla hujashika kalamu.

Ukioa au ukiolewa baadaye andika mpya, usitegemee ule wa zamani. Karatasi usiifiche chini ya godoro, nakala moja kwa loya, kanisani au benki na nyingine kwa msimamizi, na umwambie kabisa iko wapi kwa sababu yeye ndo ataipeleka kortini kuomba ruhusa ya kugawa, na bila hiyo ruhusa asiuze hata mbuzi.